Kuchagua Motokaa ya Jamaa: Mtoto Mchanga Ahesabiwe Kwanza

Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kanisa la Scotland katika mwaka wa 1922, imewaona akina mama wa vizazi vingi wakirudi kwao na watoto wachanga. Wale wa kwanza walirudi kwa miguu, mtoto akiwa amefungwa mgongoni kwa nguo, na nyanya yake akitangulia njiani na kikapu. Waliofuata walipanda malori na mabasi. Siku hizi mama wengi huja kuchukuliwa kwa motokaa, na hayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Walakini mgongo wa mama ulikuwa na sifa moja ambayo motokaa nyingi hazina: mtoto alikuwa amefungwa imara, wala hakuwa na nafasi ya kurushwa.

Katika nchi iliyo baina ya mji wa Embu na mji wa Meru, mtu atakaye kununua motokaa ya nyumbani huuliza kwanza, "Hii hubeba watu wangapi?" Dalali hujibu saba, au wanane, na mnunuzi huongeza wengine watatu moyoni mwake, kwa kuwa amekwisha kuona matatu. Swali hilo si baya, ila limeanzia mwisho. Swali la kwanza ni mtoto mchanga atakaa wapi, na atafungwa kwa nini. Jibu likipatikana, ndipo ihesabiwe nafasi iliyobaki kwa ajili ya wengine.

Chukua mfano wa mwalimu akaaye karibu na Runyenjes. Ana mke ambaye amebakiwa na miezi miwili ajifungue, mtoto wa miaka sita, na mama yake mzee ambaye hupelekwa kliniki mjini Embu kila mwezi. Jamaa hao watakuwa watano mtoto atakapozaliwa. Lakini hapana mtu mwenye motokaa kijijini ambaye hubeba watu wa nyumba yake peke yao. Kuna jirani mwenye kuumwa usiku, kuna safari ya kupeleka mahari, kuna mazishi, na kuna wazee wa kanisa wasimamao kando ya njia kila Jumapili wakijua saa atakayopita. Kwa hiyo mwalimu huyu anatafuta gari la watu saba. Hesabu yake ni ya haki, na ni ya watu wengi.

MIKONO HAITOSHI

Watu wengi huamini ya kuwa mtoto akipakatwa na mama yake yu salama. Haifai kuwacheka, maana mama humshika mtoto kwa nguvu zake zote. Lakini nguvu za mkono zina mpaka. Motokaa iendayo kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa ikigonga mti au gari jingine, husimama kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Katika muda huo kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule wa kwanza. Mtoto wa kilo 8 huvuta mikono ya mama kana kwamba ana uzito wa kilo 160 hivi, yaani karibu magunia mawili ya mahindi. Hapana mama, wala baba, awezaye kuyashika magunia mawili yaliyorushwa. Tena ikiwa mama mwenyewe hakufunga mkanda, mwili wake humwangukia mtoto na kumbana. Kumfunga mtoto pamoja na mama ndani ya mkanda mmoja ni kosa lile lile, kwa sababu uzito wa mama humsukuma mtoto juu ya mkanda.

Dawa ya jambo hili ni kiti cha mtoto. Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kuwa kiti cha namna hii huweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za magari kwa asilimia 71. Huko Japani, ambako motokaa nyingi za Kenya hutoka, sheria imewalazimisha wazazi tangu mwaka wa 2000 kuwaweka watoto walio chini ya miaka sita katika viti vyao. Gari hufika Mombasa, lakini kiti kimebaki kwa mwenyewe wa kwanza.

Kiti cha mtoto mchanga huwekwa kikielekea nyuma, yaani mtoto huwatazama watu wa nyuma, si barabara. Sababu yake ni kwamba kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake ni laini. Gari likisimama ghafula, mgongo wote huegemea kiti, na shingo haipati kazi ya kukizuia kichwa peke yake. Viti vipya vyenye kibandiko cha R129 vimetengenezwa ili mtoto akae hivyo mpaka apite miezi 15. Vile vya zamani kidogo vina kibandiko cha R44. Kiti kisicho na kibandiko chochote ni pambo. Kiti cha mitumba huweza kufaa, lakini mnunuzi akague kama plastiki yake ina ufa, na ikiwa hawezi kujua kama kiliwahi kuwa katika ajali, ni heri akiache.

Kuna mahali pamoja ambapo kiti hicho hakiwekwi kamwe, napo ni mbele, kando ya dereva, ikiwa mfuko wa hewa wa upande ule unafanya kazi. Mfuko ule huruka kwa kishindo ili kumpokea mtu mzima. Kwa mtoto aliyetazama nyuma, hupiga mgongo wa kiti mahali hasa kilipo kichwa chake. Wazazi wapendao kumwona mtoto karibu wameumia kwa kutojua jambo hili. Nafasi nzuri ni safu ya pili, upande wa kushoto, kwa kuwa katika Kenya magari hupita kushoto, na mama atamtoa mtoto kando ya njia, mbali na magari yapitayo. Mama mwenyewe aketi jirani naye.

VITI SABA SI WATU SABA

Wazee wa Meru na Embu wanazikumbuka Peugeot 404 na 504 za safu tatu za viti. Ile 404 ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Haikuhitaji kusifiwa zaidi. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya kahawa ilipanda sana katika miaka miwili iliyofuata, na baadhi ya wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya wakapata fedha za kununua pikapu au Peugeot. Motokaa zile zilikuwa na nguvu, lakini watoto walilala ovyo nyuma juu ya mizigo, na watu wengi waliona ni jambo la kawaida.

Warithi wa Peugeot zile ni motokaa ndogo za Japani zenye safu tatu. Toyota Sienta hupendwa sana na watu wa mshahara wa kadiri, maana injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,500 tu, haili petroli nyingi, na milango yake ya nyuma husukumwa kando badala ya kufunguka nje. Mlango wa namna hiyo ni neema kwa mama mwenye mtoto mkononi sokoni, na sakafu yake iliyo chini ni neema kwa magoti ya nyanya. Viti vyake vimepangwa viwili mbele, vitatu katikati na viwili nyuma.

Sasa mwalimu wa Runyenjes na akae chini ahesabu. Yeye yuko kwenye usukani. Mama yake mzee ataketi mbele, kwa kuwa hawezi kupanda mpaka nyuma. Naye hatakuwa na nafasi kubwa ya kunyosha miguu, maana kiti cha mtoto kitazamacho nyuma hudai urefu, na kiti cha mbele lazima kivutwe mbele kidogo. Safu ya pili, kushoto yuko mtoto mchanga, na kando yake yuko mama. Mama akiisha kuketi katikati, yule wa miaka sita huketi kulia. Yeye naye huhitaji kiti cha kumwinua, la sivyo mkanda utampita shingoni badala ya begani. Safu hiyo imejaa, na huenda viwiko vikagombana.

Vimebaki viti viwili vya nyuma kabisa. Ili kuvifikia, kiti cha safu ya pili hapana budi kisogezwe au kikunjwe mbele, lakini kile kilichofungiwa kiti cha mtoto hakikunjwi. Basi mgeni ataingia kwa upande wa kulia, upande wa magari yapitayo, baada ya yule wa miaka sita kushuka. Wageni wakiisha kuketi, nyuma ya migongo yao pamebaki nafasi ya kikapu kimoja. Mkungu wa ndizi hauna pa kukaa, wala kibuyu cha maziwa, wala mfuko wa nepi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo dalali haisemi: motokaa ya watu saba, ikiwa na mtoto mchanga na mizigo yake, ni motokaa ya watu watano au sita.

Toyota Noah ni kubwa kuliko Sienta, na injini yake kwa kawaida ni ya sentimita 2,000 hivi. Ziko za namna mbili, na mnunuzi atazame vizuri, kwa maana kwa nje hufanana. Ile ya watu wanane ina benchi la watu watatu katikati. Ile ya watu saba ina viti viwili vilivyotengana katikati, na kati yao kuna njia ndogo ya kupita mpaka nyuma. Mtu huweza kudhani ya kuwa wanane ni bora kuliko saba. Kwa jamaa yenye mtoto mchanga mambo hugeuka: ile ya saba ndiyo yenye nafuu, kwa sababu kiti cha mtoto hukaa mahali pake bila kuguswa, na wengine hupita katikati. Ubaya wake ni bei yake na kodi yake, kwani kodi ya kuingiza gari hupanda injini inapozidi sentimita 1,500, na petroli itaongezeka kila juma.

Toyota Wish nayo ina safu tatu, ila milango yake hufunguka kwa kawaida, na paa lake ni la chini. Iliacha kutengenezwa mwaka wa 2017. Sheria ya Kenya haikubali gari lililokwisha kupita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza liingizwe nchini, kwa hiyo Wish inayouzwa leo huwa mara nyingi imekwisha kuonja mashimo ya barabara zetu.

Haiwezekani kuzungumza juu ya magari ya Meru bila ya kuitaja Probox. Imebeba miraa ya Igembe na Maua, imebeba saruji, imebeba maharusi. Ni ngumu, na kila fundi anaijua. Lakini ilibuniwa iwe gari la mizigo la watu wa biashara, na kiti cha nyuma katika nyingi zake ni chembamba, mgongo umesimama wima. Atakayeitaka kwa jamaa aketi mwenyewe nyuma, auvute mkanda, aone kama unapita begani au kiunoni tu, na aone kama kuna kiegemeo cha kichwa. Viti vingi vya watoto wachanga haviwezi kufungwa barabara kwa mkanda wa kiunoni. Magari mengi ya abiria ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili vidogo vilivyofichwa pale kiegemeo kinapokutana na kikalio, viitwavyo ISOFIX, na kiti cha mtoto chenye kufaa hunasa hapo bila ya mkanda. Kuvitafuta kwa vidole ni kazi ya dakika moja. Na ile desturi ya kuwaketisha watoto ndani ya buti la Probox, wakitazama barabara kwa kioo cha nyuma huku wakicheka, haina jina jingine ila hatari.

Pikapu ya safu moja ni chombo cha shamba, si cha mtoto.

MITEREMKO YA THUCI NA NITHI

Uzito nao una hesabu yake. Wajapani wanapopima uwezo wa gari, humkadiria kila mtu kuwa ana kilo 55. Watu saba kwa hesabu yao ni kilo 385. Lakini watu wazima saba wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 490, yaani tofauti ya kilo 105, na bado viazi havijapakiwa. Gari lililozidishiwa hivyo huketi chini kwa nyuma, taa zake huelekea juu na kuwapofusha wajao, na breki zake hufanya kazi ambayo hazikupimiwa.

Katika nchi tambarare makosa hayo huweza kusamehewa kwa siku nyingi. Barabara ya Embu kwenda Meru si ya kusamehe. Hukata mito itokayo Mlima Kenya mmoja baada ya mwingine, na kila mto una mteremko, daraja, kona na mlima. Tarehe 24 Julai, 2022, basi moja lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na watu zaidi ya 30 walikufa. Basi si motokaa ya nyumbani, lakini mteremko ni ule ule. Dereva mwenye gari lililojaa hushuka kwa gia ndogo ili injini isaidie kuzuia. Katika magari yasiyo na klachi, herufi kama L, B au S kwenye mti wa gia zimewekwa kwa kazi hiyo, na wengi huzimiliki miaka mitano bila kuzigusa. Akishuka huku amekanyaga breki mfululizo, huchemka, na breki iliyochemka haishiki.

Kadhalika atazame njia ya kwake, si lami peke yake. Sienta na Noah zimeinuka kutoka ardhini kama sentimita 15 tu zikiwa tupu. Akaaye kando ya lami Chuka au Nkubu hatapata taabu. Lakini yule ambaye nyumba yake iko mbali na lami, kwenye udongo mwekundu wa Nyambene wakati wa mvua za Aprili, au kwenye mawe ya Kiritiri, huenda akafaidika zaidi kwa gari la viti vitano lililoinuka, lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, kuliko la viti saba litakalolala njiani mama akishikwa na uchungu. Hapo wageni ndio watakaokosa nafasi, na yafaa iwe hivyo.

JIRANI NA PESA YA PETROLI

Kukataa kumchukua jirani ni jambo gumu. Mwenye gari huitwa mwenye kiburi, na maneno humfikia mkewe kisimani kabla hayajamfikia yeye. Wengi, kwa kuona haya, humtoa mtoto katika kiti chake na kumpakata ili mtu mmoja zaidi aingie. Njia yenye amani ni kutokitoa kiti cha mtoto garini hata siku moja. Kiti kikizoeleka kuwapo, watu hukihesabu kuwa ni mtu aliyeketi, na hapana mwenye kuuliza. Mgonjwa wa usiku ni jambo jingine. Mtoto atabaki nyumbani na nyanya yake, na viti vyote vitakuwa vya mgonjwa na jamaa zake.

Nauli nayo ina mtego. Kumsaidia mtu bure si kosa. Lakini mwenye gari akianza kuchukua shilingi za kila abiria kutoka Runyenjes mpaka Embu, gari lake limekuwa la biashara bila kibali, na bima ya gari la nyumbani kwa kawaida haiwakubali abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kampuni itauliza kama walilipa, na wale abiria watasema kweli. Mtu akitaka kupunguza gharama kwa njia hiyo, akate kwanza kibali na bima ya kazi hiyo.

SIKU YA KUNUNUA

Mtu asiende kununua pamoja na dalali na fundi peke yao. Aende na mke wake, mama yake mzee, na kiti cha mtoto chenyewe, kikiwa kimenunuliwa kabla ya gari. Wakifunge pale pale uani, kisha wakitikise kwa nguvu karibu na mahali mkanda unapopita. Kisicheze zaidi ya upana wa vidole viwili. Wajaribu kila mkanda wa kila kiti. Nyanya apande na kushuka mara mbili. Muuzaji akiona haya ni upuuzi, yuko mwingine barabara ya pili.

Fundi naye atatazama injini na springi, wala asisahau matairi. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, hata 1922 maana yake ni juma la 19 la mwaka wa 2022. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka kumi ni tairi bovu. Kisha waliendeshe likiwa na watu wote ndani, na mlima wapande, si mtaani tu.

Logibuku ikaguliwe kwa NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ili ijulikane kama muuzaji ndiye mwenyewe na kama gari halina deni la benki. Baada ya kuuzwa, gari lisiendelee kutumika kwa zaidi ya siku 14 bila ya kuandikishwa kwa jina la mwenyewe mpya. Mwalimu wa Runyenjes ana miezi miwili, na mambo hayo yote hutimia kwa majuma matatu ikiwa fedha ziko tayari.